Mwenye Kiberiti

Jumanne, 10 Januari 1978
Nimefungua tena darasa la ngumbaru hapa kanisani Mayoni. Tutakutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi, baada ya mimi kutoka shule ya msingi. Wamekuja kumi na mmoja. Karibu wote ni wakataji miwa, wameketi na masizi bado yako masikioni. Niliwauliza kila mmoja anataka Kiingereza cha nini. Mama anayeuza chai sokoni alisema amechoka kupelekea watu wengine barua za Kiingereza za binti yake wamsomee. Mwingine alisema anataka tu kukielewa, basi. Mwanamume mmoja mrefu, Phanuel Makhanu, alisimama kabisa kujibu, kana kwamba yuko mbele ya chifu.
“Nimekata miwa miaka tisa, Mwalimu. Nataka kuwa karani wa mizani pale kiwandani. Wanaandikanga Kizungu tu.”
Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 12 Januari
Jua kali. Wamekuja tisa.

Jumanne, 17 Januari
Niliandika ubaoni: *The man who cuts cane is tired.* Makhanu akainua mkono.
“Mwalimu, hapo unauliza ama unajibu? Si ulisema *who* ni ‘nani’?”
Nikamweleza kwamba hapa siyo swali. Sisi tunasema “mtu anayekata miwa”, na ile *ye* imekaa ndani ya kitendo chenyewe. Waingereza wameitoa nje, wakaiweka peke yake, ikawa *who*. Ikiwa ni kitu, wanaweka *which*.
“Kwa nini waliitoa?”
“Sijui, Makhanu. Ndivyo lugha yao ilivyo.”
“Yetu ilikuwa imekaa vizuri.”
Mtu huyu ananichosha. Kila sentensi lazima aigeuze aitazame chini, kama mtu anayenunua kuku. Tumemaliza saa kumi na mbili na hatukufika nusu ya nilichopanga. Alibaki nyuma ananakili ubao mzima, akiandika taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni.

Jumapili, 22 Januari
Baada ya ibada Mzee Cornelius Andati ametangaza kwamba atatoa mabati ya kuezeka upande wa kanisa unaovuja, ule tunaosomea. Watu wamepiga makofi. Kama si yeye, hata shule yetu isingekuwa na darasa la saba. Ni mwenyekiti wa kamati ya shule pia, na hajawahi kunikatalia jambo.
Tulipokuwa tunaagana alilalamika kuhusu miwa yake. Imepita miezi ishirini na sita tangu ipandwe, na kampuni ya sukari haijamletea wakataji. “Inakauka ikisimama, Mwalimu. Wenye miwa iliyoungua ndio wanakatiwa kwanza, kabla haijaharibika. Sisi waaminifu tunangoja.” Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 26 Januari
Leo darasa lilichangamka. Niliwafundisha kwamba katika Kiingereza cha kila siku watu hawasemi *who has* kila mara. Badala ya *the woman who has a basket*, wanasema *the woman with a basket*. Badala ya *the house which is near the road*, *the house near the road*. Ni fupi, na inasikika kama ya mtu aliyezoea. Walifurahi kama watu waliotuliwa mzigo. Mama chai akamwita mlinzi wa lango la kiwanda *the man with a big stomach*, tukacheka wote.
Makhanu ndiye aliyekunja uso. “Hiyo *with* inamshika nani? Yetu ni ‘mwenye’. Mwenye anamfuata mtu wake, huwezi kumpoteza. Hii *with* inatembea tu.”
Kulikuwa kumechelewa. Nilimwambia inamshika aliye karibu nayo, na kwamba asihangaike sana, msomaji ataelewa.

Ijumaa, 3 Februari
Hakuna mvua tangu Desemba. Vumbi hadi kwenye unga.

Jumanne, 7 Februari
Wamekuja saba. Makhanu amepeleka barua ya kuomba kazi ya mizani. Aliiandika mwenyewe, mara nne. Nilisahihisha mahali pawili tu. Naona nilimfikiria vibaya yule mtu. Si mzito wa kuelewa. Hataki tu kukubali jambo kabla ya kulishika.

Jumamosi, 11 Februari
Miwa ya Mzee Andati imeungua.
Nilikuwa nafua saa tisa mchana niliposikia mlio kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilitoka nikaona moshi umesimama mweusi upande wa barabara ya kiwandani. Majivu yalianguka juu ya nguo nilizokuwa nimeanika. Upepo ulikuwa mkali, na moto ukaruka barabara ukaingia shamba la kampuni. Watu walikimbia na matawi mabichi lakini hakuna mtu angeweza kuukaribia. Hadi saa moja ekari arobaini za kampuni zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Bibi kizee mmoja amepoteza nyumba na mbuzi wake wawili.
Nilimwona Mzee Andati amesimama barabarani mikono nyuma. Nilimpa pole. “Asante, Mwalimu,” akasema. “Sasa angalau watanikatia.” Nilidhani ni uchungu.

Jumatatu, 13 Februari
Makhanu alinisubiri langoni mwa shule, amevaa shati lake jeupe. Jumamosi alikuwa anapita kwa mguu kando ya shamba la Andati akamwona mtu akiingia kwenye miwa na kiberiti mkononi. Akamfuata amwambie asivute sigara humo, maana majani yalikuwa makavu. Mara moto ukawaka mbele yake na yule mtu akakimbia. Leo asubuhi akaenda kituoni kusema alichoona. Sajini Kibiwott, aliyekuwa zamu, alitaka kumwandikia kwa Kiswahili, lakini Makhanu akamwambia anaweza kuandika mwenyewe kwa Kiingereza.
“Nilifikiri barua yangu ya kazi iko huko kiwandani,” akaniambia. “Kama watu wakubwa wataona naandika Kizungu mbele ya polisi, si watajua mimi ni mtu wa namna gani?”
Aliikariri taarifa yote kwa moyo, amesimama wima. *I am Phanuel Makhanu who cuts cane. On Saturday I followed a man into the cane with a box of matches. Then the fire which burned the farm of Mr. Andati came and I ran in road.*
Nilimwambia: “*In the road*. Umesahau *the*.”
Akapiga paji la uso wake akacheka. Akauliza kama yaliyobaki yako sawa. Nikasema ni nzuri sana.
Naandika haya sasa kwa sababu sitaki kujidanganya baadaye. Niliisikia ile *with*. Niliisikia ilivyokaa vibaya, mbali na mtu wake. Alikuwa na furaha, nami nilikuwa na madaftari sitini ya kusahihisha, nikaiacha ipite.
Nilimuuliza kama alimtambua yule mtu. Akaangalia chini. “Ni Wanyonyi, nyapara wa Andati. Sikuandika jina. Yeye ndiye ananipatianga kazi siku kampuni haina.”

Jumanne, 14 Februari
Wamemkamata Makhanu. Walimchukua shambani, akiwa bado na panga. Sikuweza kufundisha. Niliwaambia warudi nyumbani.

Jumatano, 15 Februari
Nilikwenda kituoni. Sajini Kibiwott alinipa kiti. Ni mtu mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alinifungulia faili na kuniwekea kidole pale pale nilipojua atakiweka.
“Mwalimu, soma mwenyewe. *I followed a man into the cane with a box of matches.* Aliingia kwenye miwa na kiberiti. Ameandika kwa mkono wake.”
Nikamwambia sivyo alivyokusudia. Alikusudia mtu *aliyekuwa na* kiberiti. Nikachukua kalamu yake nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: *a man who had a box of matches*. Nikamwonyesha vile *who had* ilivyotolewa na *with* kuwekwa.
Alitazama karatasi kwa muda mrefu. “Mimi pia nilijifunza hiki Kiingereza shuleni, Mwalimu, sikukinyonya kwa mama. Ningeandika hivyo, ningemaanisha kiberiti nilikuwa nacho mimi.” Akasema sasa Makhanu anamtaja Wanyonyi, lakini Mzee Andati ameandikisha kwamba saa tisa Wanyonyi alikuwa kwake nyumbani akipanga mabati ya kanisa. “Na kwa nini hakumtaja siku ya kwanza?”
Nilimweleza kwa nini. Akatikisa kichwa, si kwa ubaya. Nakala ya faili imeshapelekwa kwa wakubwa wake. Kampuni inataka mtu.

Alhamisi, 16 Februari
Wamekuja wanne.

Jumapili, 19 Februari
Mzee Andati alikuja kwangu baada ya ibada, akakaa, akanywa chai. Miwa yake imekatwa yote tangu Jumatano.
“Nasikia unataka kwenda kortini,” akasema.
“Nitakwenda kueleza sentensi, Mzee. Hiyo tu.”
“Sentensi.” Akaikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. “Wanyonyi ana watoto tisa. Nimemlea tangu akiwa kijana. Wewe una shule. Mimi ni mwenyekiti. Hatujawahi kukosana.”
“Mzee, Jumamosi ile Wanyonyi alikuwa kwako kweli?”
Alinitazama bila hasira yoyote. “Mwalimu, moto haukuwa wa kuvuka barabara.” Kisha akasema chai ni tamu, akachukua kofia yake.
Hilo ndilo alilosema, neno kwa neno. 

Jumatatu, 20 Februari
Nililirudia neno la Mzee kwa Sajini Kibiwott. Alisema mtu yeyote anaweza kusema moto haukuwa wa kuvuka barabara. Hata yeye angeweza kulisema.

Alhamisi, 23 Februari
Zilpah Mideva, mke wa Makhanu, amekuja na watoto watatu. Wanakaa kwenye nyumba za wakataji na wamepewa hadi mwisho wa mwezi ujao kutoka, kwa kuwa mwenye kazi hayuko kazini. Nilimpa unga na maharagwe. Hakuketi.
“Nilimwambianga awache hii masomo,” akasema. “Kila siku akitoka shamba, kitabu. Anasema *who, which*, anatembea ndani ya nyumba. Nikamwambia Baba Awinja, utakuwa wazimu. Akasema nitaona siku moja atanivalia tai.”
Nilimfungia ule unga kwa kamba.
“Wewe utaenda kusema?”
“Nitakwenda.”
“Wewe ndiye unajua hii lugha. Sema vizuri.”

Jumanne, 28 Februari
Hakuja mtu darasani isipokuwa mama chai. Tulisoma barua ya binti yake. Mawingu yalijikusanya upande wa Lurambi, yakapita.

Jumatatu, 6 Machi
Nimefanya mazoezi kwa siku nne ya nitakachosema. Nimeyaandika, nikayafupisha. Nimechukua mifano ishirini ya *with* kutoka vitabu vya shule. Katika kumi na mitatu inamshika aliye karibu. Katika saba inamshika mwenye kutenda. Nimeitazama ile saba mpaka macho yakauma.

Alhamisi, 9 Machi
Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.
Chumba kilijaa. Makhanu aliletwa na pingu, amevaa lile shati jeupe, sasa ni la rangi ya udongo. Amekonda. Hana wakili. Wanyonyi alitoa ushahidi kwanza, akitazama sakafu, akasema siku hiyo alikuwa kwa Mzee akipanga mabati. Mzee Andati akasema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile anayosomea Biblia. Kisha maandishi ya Makhanu yakasomwa. Alipoyasikia yakisomwa kwa Kiingereza na mtu mwingine, mbele ya watu wote, niliona anafuata kwa midomo. Hata hapo alikuwa anayafuata kwa midomo.
Nikaitwa. Niliapa. Nilieleza taratibu, kama nilivyopanga: kwamba Kiswahili kina *-ye-* na kina “mwenye”, kwamba mtu anayefikiri kwa Kiswahili huweka sifa mwisho na kuamini itamrudia mwenyewe, kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kufupisha *who had* kuwa *with*. Hakimu aliandika. Nilidhani anaelewa. Kwa muda, kama dakika tatu, nilidhani itawezekana.
Mwendesha mashtaka akasimama. Hakuwa na ukali.
“Mwalimu, mshtakiwa ni mwanafunzi wako?”
“Ndiyo.”
“Ni mwanafunzi mzuri?”
“Ni mzuri kuliko wote.”
“Sentensi hii ina kosa la sarufi?”
Niliitazama ingawa naijua kuliko jina langu. “Haina.”
“Ukimpa Mwingereza aisome, anaweza kuelewa kwamba mwenye kiberiti ni huyu aliyeandika?”
“Sivyo alivyokusudia.”
“Sikuulizi alichokusudia. Nauliza maneno. Yanaweza kuwa na maana hiyo?”
Makhanu alikuwa ananitazama. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama ubao.
Nimeapa kwa Biblia mara moja tu maishani, na ilikuwa leo. Na nimefundisha lugha hii miaka kumi na tisa. Nilisema, “Yanaweza.”
“Na hiyo ndiyo maana iliyo karibu zaidi?”
“Yanaweza kuwa na maana zote mbili. Ya pili ni—”
“Asante, Mwalimu. Inatosha.”
Hakimu akaandika hilo pia.
Zilpah Mideva alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakujua Kiingereza, lakini maswali yalitafsiriwa kwa Kiswahili, na jibu langu pia. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka.

Ijumaa, 10 Machi
Sikwenda shule. Nilisema ni malaria.

Jumanne, 14 Machi
Miaka mitano.
Hakimu alisema maandishi ya mshtakiwa mwenyewe, yakithibitishwa na shahidi wake mwenyewe, mtaalamu wa lugha, hayaachi shaka. Shahidi wake mwenyewe. Mtaalamu wa lugha.

Jumamosi, 18 Machi
Mabati yamefika kanisani. Mafundi wanagonga tangu asubuhi.

Jumatatu, 20 Machi
Nimeandika rufaa kwa niaba yake, kurasa tano, kila *who* mahali pake, kila *which* mahali pake. Karani wa korti alizihesabu kurasa, akauliza kama mimi ni wakili. Nikasema hapana. Akasema zitafika zinakofika, na zikifika nitajulishwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga duka.

Jumanne, 28 Machi
Mvua ilianza jana, Jumatatu ya Pasaka. Nilikwenda gerezani. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu nikiwa nimelowa. Walimleta upande wa pili wa waya. Wamemnyoa.
Nilimwambia kuhusu rufaa. Alisikiliza.
“Mwalimu, siku ile ungesema haiwezi.”
“Niliapa, Makhanu.”
“Najua. Nilikuwa nafikiria hapa. Kama ungesema haiwezi, ningejua ni uongo. Ile sentensi nimeigeuza mimi mwenyewe usiku na mchana. Inaweza.” Alilisema kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu na jibu likawa baya. Kisha akauliza ningeiandikaje mimi.
Nikamwambia. *I saw a man who had a box of matches. I followed him into the cane.*
“Sentensi mbili.”
“Sentensi mbili.”
“Mimi nilitaka iwe moja,” akasema. “Ndefu, ya kupendeza.”
Askari akasema wakati umekwisha. Makhanu aliniomba nisirudi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kila akiniona anaanza kufikiria maneno, na humo ndani ni afadhali asifikirie.

Ijumaa, 31 Machi
Zilpah ametolewa kwenye nyumba za wakataji leo. Anakwenda kwa ndugu zake Lumakanda, wanakolima mahindi, kama watampokea. Nilifika wakati wanapandisha godoro kwenye trekta ya mtu. Nilimpa bahasha. Aliipokea, maana ana watoto, lakini mkono wangu hakuupokea. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya godoro na hapakuwa na kitu cha kulifunika. Nilivua koti langu nikalitandaza juu yake. Halikutosha hata nusu.

Jumanne, 4 Aprili
Mvua kubwa. Nilikwenda kanisani kwa mazoea tu. Mama chai ameacha. Anaogopa kuonekana na mimi, na simlaumu, anauza chai kwa watu wa Andati. Nilikaa peke yangu chini ya mabati mapya. Hakuna tone lililopita.
Saa kumi na nusu mlango ulifunguliwa, akaingia Wanyonyi. Alikuwa na daftari jipya ndani ya mfuko wa nailoni. Alivua gambuti zake mlangoni, akaja bila viatu, akakaa benchi la nyuma.
“Mzee amenipa kazi ya kuandika mizigo ya miwa inayoenda kiwandani,” akasema. “Sijui kuandika.”
Mvua ilikuwa inapiga kelele na nilifikiri labda ataondoka.
“Mwalimu, wewe unajua,” akasema.
“Najua.”
“Sikujua wangemshika mtu. Nilitumwa tu. Moto ungekomea barabarani.”
“Nenda ukamwambie sajini hivyo.”
Alikaa akitazama daftari lake. Ana mikono mikubwa, imejaa makovu ya majani ya miwa kama ya wote. “Nikisema, nitaingia mimi. Na Makhanu labda hatatoka. Na wale tisa wangu je? Sitasema, Mwalimu. Nakuambia ukweli ili usinifundishe ukidhani nitasema.”
Nilifikiria kumfukuza. Nilisimama nikiwa na nia hiyo. Kulikuwa na mabenchi kumi na mawili matupu na mtu mmoja aliyelowa ambaye hajui kuandika jina lake, na nje hapakuwa na kitu ila maji. Kama ningemfukuza, hakuna hata siku moja ambayo ingepungua katika miaka mitano ya mtu mwingine. Labda kulikuwa na sababu nzuri zaidi. Sikuipata.
Nilimwita mbele. Nilimwandikia jina lake ubaoni, nikampa chaki. Alilinakili mara tatu. Mara ya tatu aliliandika sawasawa, herufi kubwa mwanzoni, akarudi nyuma hatua moja akalitazama, akaniuliza kama tutafanya tena Alhamisi.
Nikasema ndiyo.